Mjomba Aliuliza Siku Ngapi

Kwetu mlimani Krismasi si sikukuu tu, ni siku ya kukaguana. Ukoo mzima unarudi Kilimanjaro kutoka Dar, Arusha na Mwanza, na kila mtu anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho: nani kanenepa, nani kakonda, nani safari hii hakuja. Krismasi ya mwaka 2017 Mjomba alikaa kwenye kiti chake cha siku zote chini ya migomba, akapewa fungu lake la nyama ya mbuzi kama mkubwa wa boma. Alitafuna, akatafuna, kisha akainuka taratibu akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema jino linamsumbua. Sisi tukacheka, tukamwambia uzee huo, Mjomba.

Kumbe halikuwa jino. Januari nyama ilimshinda kabisa. Machi ugali nao ukawa haupiti bila maji. Pasaka tulimkuta anakula mtori tu, na mtori wenyewe mkewe alikuwa anauchuja kama uji wa mtoto. Wengine walisema ni vidonda vya tumbo, akanunuliwa dawa za vidonda vya tumbo. Wengine walisema ni mambo ya watu, na wewe unajua neno hilo lina maana gani kijijini. Mei ndipo alipofikishwa hospitali kubwa, akapitishiwa kooni mpira wenye kamera, wakakata kinyama kidogo cha kwenda kupima. Majibu tulipewa baada ya wiki tatu: saratani ya umio, ile ambayo watu wengi wanaiita kansa ya koo.

Mimi ndiye niliyeingia naye chumbani kwa daktari, maana watoto wake walikuwa mbali. Mjomba hakuuliza ugonjwa umetoka wapi, wala hakuuliza dawa. Aliuliza swali moja tu: "Daktari, nina siku ngapi?"

Daktari aliitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akamwambia, "Mzee, tumwombe Mungu, na sisi tutajitahidi."

Basi. Tukatoka. Na kwa kuwa hatukujibiwa, tulifanya wanavyofanya wote wasiojibiwa: tukatafuta fedha. Mjomba mwenyewe alitia dole gumba kwenye karatasi ya kuuza sehemu ya kihamba, ile ya chini karibu na mfereji, aliyokuwa amemwahidi binti yake wa mwisho. Kwa msomaji asiye wa kwetu, kihamba si shamba la biashara. Ni migomba na kahawa iliyopandwa na babu wa babu, na makaburi yao yamo humo humo. Mtu hauzi kihamba ili ale. Anauza ili aishi. Tulimpeleka mbali kutafuta mionzi. Mjomba alifariki Agosti 2018.

Siandiki haya kumshtaki mtu. Mimi si daktari, nilisoma historia, na mtu aliyesoma historia akichomwa na swali hulitafutia ukoo wake. Nilitaka kujua ni nani waliouliza swali la Mjomba kabla yake, na ni nani waliojaribu kulijibu. Nikakuta kwamba kwa zaidi ya miaka mia na sabini wanasayansi wamekuwa wakiziuliza protini swali hilo hilo. Historia hiyo ina mambo ya kustaajabisha, ina makosa, na ina somo ambalo ningependa tulijue sisi tunaouza vihamba.

Kwanza tuelewane juu ya protini. Usifikirie maharage na mayai peke yake. Kila seli ya mwili ni kama kiwanda kidogo. Jeni ndizo maagizo ya kazi, na protini ndizo wafanyakazi wenyewe: zinajenga, zinabeba, zinalinda, zinasafisha. Seli ikigeuka kuwa saratani, wafanyakazi hao huvurugika. Wengine huzidi idadi, wengine hupotea, wengine hubaki na ulemavu. Ndipo likaja wazo: tukiwahesabu wafanyakazi, si tutajua kiwanda kinaelekea wapi?

Wa kwanza kuliona jambo hili kwa macho alikuwa London. Mwaka 1845 muuza vyakula mmoja, Thomas McBean, alikuwa akiugua maumivu makali ya mifupa. Waganga wake walipeleka mkojo wake kwa daktari mkemia aitwaye Henry Bence Jones. Mkojo huo ulikuwa na tabia ya ajabu: ukipashwa moto unaganda, ukichemka sawasawa unayeyuka tena, ukipoa unaganda upya. Bence Jones alitambua kwamba humo mna protini isiyo ya kawaida, akaandika habari zake mwaka 1847 na 1848. McBean mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, Januari 1846. Ilikuwa saratani ya uboho. Protini ile ndiyo inayotajwa kuwa alama ya kwanza ya saratani kupatikana maabara, na hadi leo ina jina la Bence Jones. Lakini ilichukua zaidi ya miaka mia moja, hadi 1962, Gerald Edelman na Joseph Gally walipoonyesha kwamba ni vipande vya kingamwili. Yaani watu waliitumia alama kwa karne nzima bila kujua ni alama ya kitu gani.

Wakati huo umio ulikuwa bado mahali pasipogusika. Umio ni njia ya chakula, mrija wa kiasi cha sentimita 25 kwa mtu mzima, unaoshuka nyuma ya koromeo la hewa na nyuma ya moyo mpaka tumboni. Una tabia mbili mbaya. Ya kwanza, unatanuka kwa urahisi, hivyo uvimbe hukua kwa muda mrefu mtu akiendelea kula vizuri tu. Akianza kukwamwa, njia imekwisha kuzibwa sana. Ya pili, umio hauna ule utando wa nje unaoyafunika matumbo, hivyo saratani huvuka mapema kwenda kwa majirani. Mjomba aliposema jino linamsumbua, ugonjwa ulikuwa mgeni wa siku nyingi.

Mwaka 1913 huko New York daktari wa upasuaji Franz Torek alithubutu. Alimpasua mwanamke mzee, akamkata sehemu ya umio yenye saratani, na kwa kuwa hakuweza kuunganisha ncha mbili, alimwekea mrija wa mpira nje ya mwili, kutoka shingoni hadi tumboni. Mama yule alikula kwa mrija ule akaishi zaidi ya miaka kumi. Fikiria tu! Kwa mara ya kwanza swali la siku ngapi lilipata jibu la kufurahisha. Lakini waliomfuata walikufa wengi mezani au mara baada ya kutoka mezani, na watu wakaanza kuuliza: kwa nini huyu aliishi, na yule hakuishi?

Swali hilo lilihitaji hesabu, na hesabu yenyewe ilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier, Wamarekani wawili, walichapisha makala kuhusu namna ya kuhesabu muda wa kuishi pale ambapo si kila mtu amekwisha kufa na wengine wamepotea njiani. Meier alikuwa akishughulika na wagonjwa wa saratani. Kaplan alikuwa maabara za kampuni ya simu, akitafuta kujua taa za kukuza sauti zilizozamishwa baharini kwenye nyaya za simu zitadumu muda gani. Taa za simu na wagonjwa wa saratani, hesabu moja. Mchoro wao unafanana na ngazi inayoshuka: kila anapokufa mtu, ngazi inashuka hatua moja. Ukiwagawa wagonjwa makundi mawili, wenye alama na wasio nayo, utapata ngazi mbili. Zikiachana mbali, watu husema alama imetabiri. Karibu kila makala ya alama za saratani tangu wakati huo ina ngazi hizo. Nimezitazama nyingi. Kila hatua ni Mjomba wa mtu.

Sasa ngazi zipo, wakahitaji protini. Mwaka 1965 huko Montreal, Kanada, Phil Gold na Samuel Freedman walipata protini kwenye uvimbe wa utumbo mpana ambayo pia hupatikana kwa mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Waliiita antijeni ya kansa na kiinitete, na duniani inajulikana kwa herufi CEA. Shangwe ikawa kubwa: huenda tone moja la damu lingetosha kuifichua saratani. Baadaye ikaonekana kwamba CEA hupanda hata kwa wavuta sigara wasio na saratani, na kwa wenye magonjwa mengine, na kwamba wagonjwa wengi wa saratani wanayo kidogo tu. Haikutupwa. Hadi leo inasaidia kuwafuatilia waliokwisha kutibiwa. Ila ile ndoto ya tone moja la damu ilikwisha pale.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walivumbua namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, nyingi kadiri unavyotaka, kila moja ikiitambua protini yake kama mbwa anavyomtambua bwana wake. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Uvumbuzi huo ndio uliofungua mlango. Sasa mtaalamu aliweza kuchukua kinyama kama kile alichokatwa Mjomba, akakikata chembamba kuliko karatasi, akamwagia kingamwili yenye rangi, na mahali penye protini inayotafutwa pakageuka kahawia. Kule Japani, mwaka 1977, Kato na Torigoe walieleza antijeni ya saratani ya skwamasi kutoka uvimbe wa shingo ya kizazi. Kwa kuwa saratani ya umio nayo mara nyingi ni ya skwamasi, yaani ya zile seli bapa zinazotandaza njia ya chakula, wakaanza kuipima na huko.

Lakini protini iliyozungumzwa kuliko zote ni p53. Hadithi yake, bwana, ingefaa kusimuliwa jioni. Iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa kwa wakati mmoja, Uingereza na Marekani. Namba 53 ilitokana na uzito wake uliokadiriwa kwa mwendo wake ndani ya jeli ya maabara. Kumbe inatembea polepole kuliko uzito wake, na uzito halisi ni kama 44. Kwa hiyo hata jina ni kosa lililozoeleka. Kosa kubwa zaidi ni hili: kwa miaka kama kumi waliidhani ni protini inayosababisha saratani. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika kinyume chake. p53 ikiwa nzima ni mlinzi: maagizo ya seli yakiharibika, inaisimamisha seli itengenezwe au inaiamuru ife. Wao walikuwa wakimtazama mlinzi aliyelemazwa, wakamwita mwizi.

Mwaka 1990 Monica Hollstein na wenzake walionyesha kwamba jeni ya p53 imeharibika mara nyingi katika saratani ya umio. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Mlinzi mzima huvunjwa haraka ndani ya seli, hivyo haonekani ukipaka rangi. Aliyelemazwa hukawia, hujikusanya, na kiini cha seli hugeuka kahawia. Njia rahisi, si ndiyo? Miaka yote ya 1990 makala zilimiminika kutoka Japani, China, Ulaya na Marekani. Hii inasema wenye rangi ya kahawia hufa mapema. Ile inasema hapana tofauti yoyote. Ukizisoma moja baada ya nyingine unapata kizunguzungu.

Niliuliza kwa nini, na sababu si ngumu. Kwanza, kuna uharibifu wa jeni unaoiondoa p53 kabisa, hivyo kinyama kinaonekana safi kumbe mlinzi hayupo kazini. Pili, hapakuwa na kipimo kimoja: mwingine alihesabu uvimbe kuwa na alama ikiwa seli 10 kwa 100 zimekolea, mwingine alitaka 50. Ukihamisha mstari, unahamisha na ngazi. Tatu, waliopata ngazi zilizoachana walichapisha, waliopata ngazi zilizolingana makaratasi yao yalibaki makabatini. Nne, na hii ndiyo iliyonishika zaidi, katika saratani ya skwamasi ya umio karibu kila mgonjwa ana jeni ya p53 iliyoharibika. Sasa alama waliyonayo karibu wote itamtofautisha nani? Ukisema mwizi ni mtu mwenye miguu miwili, umewakamata kijiji kizima.

Haikuwa p53 peke yake. Protini baada ya protini zilipitia njia hiyo hiyo: za kuhimiza seli zigawanyike, za kushikamanisha seli na jirani yake, za kuita mishipa mipya ya damu. Kila moja ilikuwa na makala yake ya furaha, kisha makala ya kuipinga. Mpaka mwaka 2005 wataalamu walikaa pamoja wakatoa mwongozo uitwao REMARK, wa namna ya kuandika utafiti wa alama za saratani: sema wagonjwa ulivyowachagua, sema mstari umeukata wapi na kwa nini, sema hata ulichokikosa. Mtu akiambiwa aandike ukweli wote kwa utaratibu, ujue palikuwa na sababu.

Na muda wote huo, alama kubwa kuliko protini zote ilikuwepo. Kati ya mwaka 1943 na 1952 Mfaransa Pierre Denoix alipanga utaratibu wa kuuliza mambo matatu: uvimbe umezama kiasi gani, tezi za jirani zimeguswa, na ugonjwa umeruka mpaka viungo vya mbali? Herufi zake ni T, N na M. Basi. Pamoja na vipimo vyote vya kisasa, maswali hayo matatu ndiyo yanayobeba uzito mkubwa wa jibu la siku ngapi mpaka leo, na protini yoyote mpya hupimwa kwa kuulizwa: unaongeza nini juu ya yale tunayojua tayari?

Nisije nikaonekana nazidharau protini. Zimepata kazi, ila si ile waliyotumwa mwanzoni. Mwaka 2010 jaribio kubwa liitwalo ToGA lilichapisha matokeo kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo na ya pale umio unapokutana na tumbo, ambao uvimbe wao ulikuwa na protini ya HER2 kwa wingi. Waliopewa dawa ya trastuzumab pamoja na tibakemikali, muda wao wa katikati wa kuishi ulikuwa miezi 13.8, na wale wa tibakemikali pekee miezi 11.1. Jaribio jingine, KEYNOTE-181, liliangalia protini ya PD-L1, ambayo uvimbe huitumia kuwatuliza askari wa mwili wasiushambulie. Kwa wagonjwa wa umio waliokuwa nayo kwa wingi na ugonjwa umekwisha kusambaa, dawa ya pembrolizumab iliwapa miezi 9.3 dhidi ya 6.7 ya tibakemikali, na Marekani iliruhusu itumike kwa watu wa namna hiyo wenye aina ya skwamasi mwaka 2019. Angalia hapo, msomaji. Alama haimwambii mgonjwa "utakufa lini". Inamwambia daktari "jaribu dawa hii". Hayo ni mambo mawili. Alama ya kuchagua dawa ina maana pale tu dawa ipo na inanunulika. Pasipo dawa, ni habari ya chakula cha jirani.

Sasa turudi nyumbani, maana ugonjwa huu si wa wageni. Mwaka 1969 Ahmed na Cook waliandika juu ya wingi wa saratani ya umio magharibi mwa Kenya, na mwaka 1971 Paula Cook alikusanya taarifa za Afrika nzima akaona inavyokaa kwa makundi: hapa imejaa, hatua chache kule haipo. Yeye alishuku pombe za mahindi. Leo wataalamu wanazungumza juu ya ukanda mrefu unaoanzia Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Mwaka 2002 madaktari waliandika kutoka Bomet, Kenya, kwamba huko unawapata hata vijana. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Mjomba alikuwa anakunywa chai ikiwa bado inatoa povu, na aliyesubiri ipoe alimwita mtoto. Sisemi chai ndiyo iliyomuua. Nasema tu kwamba siku hizi napooza yangu.

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliosoma maagizo yote ya jeni ya uvimbe 552 wa skwamasi ya umio kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Walitegemea kwamba nchi zenye ugonjwa mwingi zingekuwa na alama yao ya pekee, ya kuonyesha kisababishi. Hawakuiona. Uvimbe wa kwetu ulifanana sana na wa kwingine. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kwanza. Kama uvimbe wa Mjomba ulikuwa ndugu wa uvimbe wa mtu wa Japani, kwa nini ngazi zao zishuke tofauti namna ile?

Jibu nililolipata ni hili, na ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Ngazi haipimi uvimbe peke yake. Inapima na njia. Inapima siku ambazo mtu alikula dawa za vidonda vya tumbo, nauli ya kwenda hospitali, wiki tatu za kungoja majibu, kitanda cha mionzi. Protini iliyotabiri vizuri Tokyo ilitabiri kwa watu waliopasuliwa mapema na kutibiwa sawasawa. Hapo panabaki nafasi ya protini kuwatenganisha wa kundi hili na wa kundi lile. Mahali ambapo karibu wote wanafika wamezibwa, ngazi zote zinaporomoka pamoja, na protini haina cha kutenganisha. Dunia nzima mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 510,000 na vifo kama 445,000. Tazama namba hizo mbili zilivyokaribiana, utaelewa kwamba kuchelewa si kwa Kilimanjaro tu.

China, ambako ugonjwa huu umewamaliza watu wengi, walijaribu njia nyingine. Katika wilaya zilizoathirika sana waliwapima watu wazima wasioumwa kitu, kwa mpira wa kamera na maji ya iodini. Iodini ni dawa ya siku nyingi: ukiipaka ndani ya umio, sehemu nzima hugeuka kahawia kwa kuwa ina akiba ya sukari, na sehemu inayoanza kuharibika hubaki imepauka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vifo vilipungua pale watu walipopimwa hivyo na kutibiwa mapema. Hiyo nayo ni alama, tena ya bei rahisi kuliko kingamwili yoyote, ingawa mpira wenye kamera na mtu wa kuushika si vya bei rahisi. Swali lake ni tofauti. Haiulizi "siku ngapi zimebaki". Inauliza "je, tumewahi?"

Nataka watafiti waendelee na protini zao. Ningefurahi kuona siku ambayo tone la damu la mkulima wa kahawa litasema mapema kwamba umio wake unaanza kuharibika, na ningependa damu hiyo iwe imepimwa kwetu, kwa watu wetu, isiwe imekisiwa kutoka mbali. Lakini nimeijifunza historia hii yote nikarudi mahali pale pale, chumbani kwa daktari. Siku ile hapakuhitajika protini. Karatasi aliyoishika ilionyesha njia imezibwa na tezi zimevimba, na picha ya kifua ilionyesha madoa mapafuni. Maswali matatu ya Denoix yalikuwa yamejibiwa, yote kwa ubaya. Daktari alikuwa na jibu. Halikuwa jibu la siku, maana ngazi ni ya kundi na haimtaji mtu kwa jina. Lakini lilikuwa jibu la kutosha: ni miezi, mzee, si miaka.

Namwelewa. Pengine alikuwa na wagonjwa arobaini nje, pengine hakufundishwa kusema, pengine alinihurumia mimi. Na kwetu wenyewe tunafundishwa kwamba mgonjwa haambiwi, akiambiwa atakata tamaa. Lakini aliyeuliza alikuwa mzee wa miaka 66, amezika baba, mama na watoto wawili. Alijua kuhesabu. Kama tungejibiwa, tungeomba awekewe mrija mdogo wa kufungua njia ili apate kumeza, tukarudi naye nyumbani, tukaiacha ardhi ilivyo.

Julai 2018, mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimekaa naye barazani. Hakuweza tena hata chai, alikuwa analowesha midomo tu. Aliangalia kule chini kwenye mfereji, ambako mwenye shamba mpya alikuwa ameanza kukata migomba ili ajenge. Akaniambia kwa sauti ile iliyokwisha kukauka, "Mwanangu, mimi sikuogopa kufa. Niliuliza siku ngapi kwa ajili ya ile ya chini. Angeniambia, ningemwachia mtoto."